Mama Apolline, Jirani wa Chui

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Goma na mlioko mbali na Goma, nawasalimu. Punguzeni kidogo moto wa maharagwe, mkae. Hapa ni Eugénie. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye wengi wenu mlimfahamu bila kumjua. Mlinunua viazi kwake pale Ndosho, kwenye kona ya mafundi wa pikipiki. Jina lake Apolline Mukashyaka. Amefariki juma lililopita, nyumbani Keshero, asubuhi, akiwa ameshikwa mkono.

Aliyemshika mkono si mtoto wake wa kumzaa. Mama Apolline hakuzaa. Aliyemshika mkono anaitwa Igiraneza. Leo nataka niwaeleze jinsi hawa wawili walivyokutana.

Mama Apolline alikulia juu ya Kibumba, pale mashamba ya viazi yanapokoma na mianzi inapoanza. Aliyefika kule anajua. Ardhi ni mawe meusi ya volkano. Maji ni shida. Na kuna ukungu. Mchana kabisa, jua bado lipo, ukungu unashuka kutoka mlimani bila sauti, na jirani uliyekuwa ukiongea naye anabaki sauti tu.

Ndani ya ile mianzi kulikuwa na chui. Watu wa kijiji hawakupenda kulitaja jina hilo. Walimwita "Wa Juu". Katekista wa kijiji alikasirika sana. Aliwaambia kanisani kwamba Wa Juu ni Mungu peke yake. Lakini siku alipopoteza mbuzi wake, naye alisema, "Wa Juu amenitembelea."

Mume wa Mama Apolline aliitwa Havugimana. Alichunga kondoo. Siku moja mchana kondoo mmoja alibaki nyuma, karibu na mianzi. Papa Havugimana akarudi kumtafuta. Kondoo alirudi nyumbani. Havugimana hakurudi.

Kesho yake wanaume walipanda kumtafuta. Walikuta fimbo yake imeegemezwa kwenye mwanzi, imesimama wima, kama mtu anavyoiacha fimbo mlangoni kabla ya kuingia ndani. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na kiatu. Ilikuwa fimbo tu. Wasikilizaji wapendwa, mwili wa Papa Havugimana haujapatikana hadi leo.

Mwaka jana nilimtembelea Mama Apolline pale Keshero, nikiwa na kinasa sauti. Nilimuuliza kwa nini hakuhama. Alinijibu kwa sauti yake ya chini:

"Kuhama niende wapi, mama? Viazi yangu ilikuwa kwa udongo. Hata kaburi sikukuwa nayo. Nikasema basi, nitakaa na ule aliyekamata bwana yangu, nimujue."

Na kweli alimjua. Alijifunza kwamba ndege wakinyamaza wote pamoja, upande ule haufai kwenda kuokota kuni. Mbwa akijificha chini ya kitanda mchana, kondoo nao waingie zizini. Zizi lake alilijenga kwa mawe ya volkano, na juu akaliezeka kwa miti minene, maana chui anaruka ukuta. Na kila alipokwenda shambani, alisema kwa sauti kubwa: "Ninapita. Ni mimi, Apolline. Niko naenda kulima."

Aliponieleza hayo nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Alikuwa anasikia," akasema. "Nikitembea, kulikuwa kitu kinatembea ndani ya mianzi, pembeni yangu. Nikisimama, nacho kinasimama. Sikukimbia hata siku moja. Mutu akikimbia, anageuka nyama."

Basi miaka ikapita hivyo. Mbuzi wa majirani walichukuliwa, mmoja leo, mwingine mwezi ujao. Kondoo wa Mama Apolline hawakuguswa. Sababu ilikuwa lile paa la miti minene. Lakini mtu aliyepoteza mbuzi hapendi kuangalia paa la mwenzake. Watu wakaanza kuulizana sababu, pale wanapopangia foleni ya maji: "Juu ya nini kondoo wa kwake haliwi? Na kila asubuhi anasalimia nani?"

Ndipo ikafika siku ya Igiraneza.

Igiraneza alikuwa mtoto mdogo sana, anajua kutembea lakini bado anaanguka. Mama yake, Rosine, alikuwa anachimba viazi. Alimkalisha mtoto juu ya gunia, mwisho wa shamba. Ukungu ukashuka. Rosine hakuona ajabu, aliendelea kuchimba, huku akiongea na mtoto ili mtoto asikie sauti. Mtoto alikuwa anajibu. Kisha akaacha kujibu. Rosine akaenda pale kwenye gunia. Gunia lilikuwapo. Lilikuwa bado na joto.

Kijiji kizima kilitoka. Walipiga mabidoni ya maji kama ngoma, waliita, walipanga mstari pale mianzi inapoanza. Lakini hakuna aliyeingia. Ukungu ulikuwa mzito, na ndani ya msitu hakukuwa na sauti hata ya ndege mmoja.

Badala ya kuingia, walikwenda kwa Mama Apolline. Aliyewaongoza ni Baharanyi, mnunuzi wa viazi, mtu ambaye neno lake lilisikika pale kijijini. Walikuwa na mapanga.

"Mama Apolline," Baharanyi alisema, "ule mutoto, umurudishe."

"Mimi sina mutoto wa mutu."

"Unaongea na Wa Juu kila siku. Enda umuambie amurudishe."

Mama Apolline alimwangalia Rosine. Rosine alifungua tu mikono yake, mitupu, akaionyesha.

Mama Apolline aliingia zizini. Akatoa kondoo jike mwenye mimba, yule aliyempenda kuliko wote, akamfunga kamba shingoni, akaingia naye ndani ya mianzi.

Nilimuuliza alikuwa na mpango gani. Akasema: "Nilijua mutoto amekufa. Nilikuwa nataka nimupe kondoo, aachilie mifupa yenye imebakia, nimupelekee Rosine azike. Mimi nilikosa kitu cha kuzika. Sikutaka na yeye akose."

Alifuata ule ukimya. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, aliufuata ukimya kama wewe unavyofuata sauti. Kila mahali pasipo na ndege, alipita pale. Akafika penye mawe makubwa ya volkano, penye shimo dogo mfano wa chumba. Ndani ya lile shimo alikuwa Igiraneza. Amekaa, mzima, kiatu kimoja hakipo, halii.

Na juu ya jiwe, juu ya kichwa cha mtoto, alikuwa amelala Wa Juu.

"Miguu yake ya mbele ilikuwa inaning'inia," Mama Apolline aliniambia. "Na mukia ulikuwa unapita juu ya kichwa ya mutoto. Unaenda, unarudi. Unaenda, unarudi."

Alifunga kamba ya kondoo kwenye mti. Kisha akasema na Wa Juu, kama alivyosema naye miaka yote, kwa sauti:

"Ni mimi. Bwana yangu ulimukamata, sikukuuliza. Huyu nakuomba."

Akainama, akamchukua mtoto. Akarudi kinyumenyume, polepole, bila kugeuka. Chui hakumwangalia kondoo. Hakumwangalia mtoto. Alimwangalia yeye, mpaka ukungu ulipofunga katikati yao.

Alitoka msituni akiwa na Igiraneza mgongoni. Wengi wenu mnafikiri sasa watu walipiga vigelegele. Hapana. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walimkagua mtoto: kichwa, shingo, mikono. Hakukuwa na alama hata ya ukucha mmoja. Na hilo ndilo lililowaogopesha. Wakarudi nyuma, mmoja mmoja. Rosine alimnyakua mtoto wake akakimbia naye, bila neno.

Asubuhi yake, wanaume kadhaa walipanda kuangalia mabaki ya kondoo. Hawakukuta mabaki. Walimkuta kondoo mwenyewe, hai, bado amefungwa pale pale, anatafuna. Amezaa. Mwanakondoo alikuwa chini yake, ananyonya. Na pembeni yao, majani yalikuwa yamelala, yamekandamizwa, umbo la mnyama mkubwa aliyelala pale muda mrefu. Baharanyi aliweka mkono juu ya yale majani. Yalikuwa na joto.

"Wakaniletea ule kondoo na mutoto yake mpaka mulangoni," Mama Apolline alisema. "Msituni sikutetemeka. Pale mulangoni ndiyo nilitetemeka. Kutoka siku ile nilikuwa namuogopa ule kondoo. Sikuweza kumugusa."

Jumapili, watu walipotoka misa, Baharanyi alisema maneno ambayo kila mtu alikuwa anayangoja. Alisema: "Chui gani anaacha mutoto, na tena anaacha kondoo? Ule si chui. Ule ni Havugimana. Huyu mama hajapoteza bwana. Anaishi naye."

Wakakumbuka ile fimbo, iliyosimama wima kama mlangoni.

Walipiga nyumba yake kwa mawe ya volkano, mchana, wakiwa na nguo za kanisani. Paa likaanguka. Katekista ndiye aliyemtoa. Alitembea mbele yake mpaka barabarani, mikono ameinyanyua, akiwaambia watu, "Anzeni na mimi." Hawakuanza naye. Hivyo Mama Apolline alishuka, akaishi kwanza Munigi, kisha Ndosho. Hakurudi tena Kibumba.

Nilimuuliza, nikiogopa kidogo: "Mama, na wewe uliamini ni Papa Havugimana?"

Alisugua magoti yake. "Nilimuangalia machoni. Havugimana alikuwa na huruma. Ule hakukuwa na huruma, na hakukuwa na hasira. Alikuwa ananiangalia tu. Ilikuwa chui." Kisha akaongeza: "Lakini juu ya nini aliniachia, sijui. Nimejiuliza mpaka nimezeeka."

Ndosho aliuza viazi kwenye beseni. Hakumweleza mtu yeyote habari yake. Alikuwa na tabia moja tu ya ajabu: alipopita kati ya nyumba, pale njia inapobana, alisema kwa sauti, "Ninapita. Ni mimi." Watu walidhani anasalimia. Wakamjibu, "Pita, mama."

Kisha vita vikawafukuza watu wa Kibumba. Walishuka na magodoro kichwani, na kati yao alikuwa Rosine, pamoja na binti yake Igiraneza, sasa msichana mkubwa, fundi wa kushona. Siku moja Rosine alikwenda Ndosho kutafuta chakula. Nyuma yake akasikia sauti: "Ninapita. Ni mimi."

Hakugeuka. Sauti ikampita, ikaenda. Rosine alirudi akaugua, na katika ugonjwa ule akamweleza binti yake kila kitu, kwa mara ya kwanza.

Igiraneza hakungoja. Alikwenda Ndosho. Haya ndiyo aliyoniambia:

"Nilifika nikamuambia, Mama, mimi ndiye ule mutoto. Akaniangalia mikono, miguu, kama mutu anatafuta kitu chenye kinakosekana. Kisha akaniuliza: 'Ulikuwa umepoteza kiatu. Kilipatikana?' Nikalia. Nikamuambia hapana. Akasema, 'Basi kaa, ule viazi.'"

Nilimuuliza Igiraneza kama anakumbuka chochote cha siku ile.

"Nakumbuka joto," alisema. "Nakumbuka pumzi, nzito, karibu na sikio. Nilidhani ni mama yangu. Sikuogopa. Niliogopa baadaye, tulipotoka, wakati niliona sura za batu wa kijiji."

Igiraneza alimhamishia Mama Apolline Keshero, kwenye chumba chake cha kushonea. Waliishi hivyo, mama na binti, mpaka kifua kilipombana juma lililopita.

Rosine hakwenda Keshero Mama Apolline akiwa hai. Alinieleza mwenyewe, wala sikumlazimisha: "Nilimushukuru ndani ya roho siku ile ile. Mudomo ndiyo ilikataa. Ningesema asante, wangesema na mimi ni mwenzake."

Lakini alikwenda mazishini. Nilikuwapo. Padiri aliuliza, kama desturi, "Ndugu wa marehemu ni nani? Asogee." Igiraneza akasogea. Padiri akauliza tena kama yuko mwingine. Palikuwa na watu wengi wa Kibumba pale, wasikilizaji wapendwa, wengi kuliko mnavyofikiri. Kila mmoja aliangalia viatu vyake.

Rosine akatoka katikati yao. Akapita mbele ya wote, akapiga magoti kwenye udongo, akaweka mkono juu ya jeneza.

"Mimi," alisema, na sauti ilisikika mpaka nyuma. "Mimi ni dada yake."

Kwako Igiraneza, na kwako Mama Rosine, pole sana. Sisi sote hapa redioni tunalia pamoja nanyi. Bwana ampokee Mama Apolline Mukashyaka, na ampumzishe pamoja na Papa Havugimana, popote alipolala.

Nanyi mnaonisikiliza, mjini na milimani, nawaachia jambo moja la kutafakari. Kwa nini chui hakumla Igiraneza, hatujui. Kwa nini hakumgusa kondoo, hatujui. Mlima una mambo yake. Lakini waliobomoa nyumba ya Mama Apolline tunawajua. Hawakuwa na madoa mgongoni, hawakutoka kwenye mianzi. Walitoka misa.