Twiga Anataka Kujitoa

Fundi cherehani hakuwa na nia ya kusikiliza ya watu, ila vijana wawili waliokaa mbele yake kwenye basi hawakujua kunong'ona. Walikuwa wanatoka kupaka rangi zahanati na wenzao wa klabu ya kujitolea, na nywele zao zilikuwa zimeingia mvi za rangi nyeupe.

"Mimi najitoa," alisema kijana mrefu aliyeitwa Twiga. "Nimepaka mlango mpaka ukagandana na fremu, nesi akabaki ndani."

"Si alitoka?" binti aliyekaa naye alimjibu. "Tena alisema amepata kausingizi."

"Mlinicheka wote."

"Ulipiga magoti ukamwomba radhi kwenye tundu la ufunguo, Twiga. Ulitaka tulie?"

Fundi alijikohoza ili asicheke.

"Mtapata mwingine," Twiga alinung'unika.

"Wa kupaka rangi tutampata." Binti aligeukia dirishani, sauti ikapungua. "Mimi nitarudi nyumbani na nani?"

Basi liliposimama Twiga alitangulia kushuka, bado kanuna, ndoo yake mkono mmoja na ya binti mkono wa pili.