Mzee Rafaeli Abrahamu, Mjumbe Aliyekataa kwa Pumzi Moja

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, wazee na majirani mliotoka karibu na mbali, kwa niaba ya familia mimi Noa, mkwe wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kama alivyoagiza mwenyewe, bila kuyapamba.

Mzee Rafaeli alizaliwa Mlalo, Usambara, tarehe 14 Machi 1897, mtoto wa tatu wa Mzee Abrahamu na Mama Dorkasi, akabatizwa hukohuko, akasoma shule ya misheni miaka minne tangu 1906, kisha akajifunza useremala, kazi iliyomleta pwani mwaka 1923 katika shamba la mkonge karibu na Mwera, ambako alitengeneza milango na madirisha ya kambi kwa miaka ishirini na miwili. Tarehe 6 Septemba 1924 alifunga ndoa na Mama Ruthi, wakajaliwa watoto watano, wawili wametangulia, na watatu mnawaona hapa mbele.

Mwaka 1946 alichaguliwa mjumbe wa baraza la kijiji chetu, na huko alipewa jina la Bwana Hapana, maana kila lilipoletwa jambo la fedha aliuliza nani atalilipia mwaka wa pili na wa tatu, akishikilia kwamba shilingi ya kodi ni jasho la mkata mkonge kabla haijafika mezani, na kwamba kisima kinachosafishwa kwa zamu na wanaokitumia hukaa safi kuliko kinachongoja mtu wa mshahara. Waliomwita mkono wa birika hawakukosea sana, Mama Ruthi ni shahidi, lakini visima vyetu vitatu hadi leo ni safi na hakuna anayelipwa.

Sasa nafika pale alipoagiza pasirukwe. Tarehe 20 Januari 1951 baraza lililetewa mambo mawili, nyumba ya wageni wa baraza, na dresa wa kutibu watu hapa kijijini, yote kwa kuongeza kodi, naye akayakataa yote mawili kwa pumzi moja, na wajumbe wakamfuata. Mwezi wa Mei, masika ikiwa imechachamaa, Semeni, binti wa miaka minne wa jirani zetu Mwinyijuma na Bibi Mwatumu, alishikwa na degedege, wakambeba kwa miguu kwenda hospitali Pangani, akafia njiani.

Mzee alikwenda matangani, akaketi na wanaume tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia Mwinyijuma mbele ya watu kuwa nyumba ya wageni ilistahili kukataliwa, lakini dresa hakustahili, na kwamba kiburi ndicho kilichomzuia kuyatenganisha. Mwinyijuma alimpa mkono. Bibi Mwatumu, ambaye kila asubuhi alimwamkia akipita kwenda kisimani, tangu siku ile hakumpa shikamoo tena, na mkubwa hadai shikamoo, basi kwa miaka sita mzee aliketi mlangoni pake, akimwona anapita, nasi wa nyumbani tuliona jinsi alivyoumia.

Katika kikao cha Julai aliomba kosa lake liandikwe kwa jina, akapendekeza dresa aajiriwe bila kodi kuongezwa hata senti moja, wajumbe waache posho zao za vikao, akianza na yake, jambo lililozua manung'uniko ya miezi mitatu kabla ya kupita. Zahanati ilifunguliwa tarehe 2 Februari 1952, kuta zikiwa kazi ya wanakijiji, milango kazi ya mikono yake. Juu ya kodi hakubadili msimamo mpaka mwisho, ila tangu hapo aliomba kila jambo lipigiwe kura peke yake.

Uvimbe wa tumbo ulimwanza Aprili mwaka huu wa 1957, akalazwa Pangani mwezi wa Juni, akarudishwa nyumbani, na Jumanne tarehe 8 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, akaiaga dunia.

Tunawashukuru madaktari wa Pangani, dresa wetu Bwana Miraji, wajumbe wenzake hata wale aliowakasirisha, na majirani waliochimba kaburi. Mwisho tunamshukuru Bibi Mwatumu, ambaye Ijumaa iliyopita aliingia na bakuli la uji, akasimama kando ya kitanda, akasema shikamoo mzee, na baba, aliyekuwa hajafungua kinywa kwa siku mbili, akaitikia marahaba, akalia, nasi sote tukalia.

Baba yetu Rafaeli, lala sasa, upumzike kwa amani.