Jibu la Akina Mama kwa Sebastiani Sulle wa Sauti ya Tatu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu ya Gendabi, Baba Paroko, wazee wetu, akina mama mliokaa mbele, wanakwaya wenzangu, ndugu wageni mliotoka Mbulu na Haydom, na wewe Mjomba Sebastiani Sulle: shikamooni. Tumsifu Yesu Kristo.

Naitwa Evaline. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na sijawahi kushika kipaza sauti peke yangu. Nisipomtazama mtu usoni, naomba mnivumilie, maana leo nimetumwa.

Tumekutana kumpokea Mjomba, ambaye ameacha kuigiza filamu baada ya miaka kumi na minane na amerudi nyumbani moja kwa moja. Ameomba jambo moja tu, kuimba tena katika kwaya yetu. Kwaya ikamjibu kwamba wenye kauli ni akina mama wa hapa, kwa sababu shauri lake kwao halijafungwa. Jibu lao ninalo mimi, na Mjomba bado halijui.

Wengi mnakumbuka alivyoanza. Alikuwa akiimba sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, na Pasaka moja kwaya yetu ilikwenda Mbulu kurekodiwa video. Mpiga picha aliyetoka Dar es Salaam alimtazama akiimba, akasema, "Huyu kijana akifumba macho, mimi ndiye ninayejisikia nimetenda dhambi." Akamchukua. Tukamwona Mjomba akiwa bwana harusi, akiwa mwizi, akiwa tajiri mwenye roho mbaya. Ni nani hapa hajakaa kwenye banda la video akasema kwa sauti kubwa, "Huyo ni wa kwetu"?

Kisha, miaka saba iliyopita, ikaja filamu ambamo alimpiga mke mjamzito. Wageni wetu, kwetu mwanaume akimpiga mwanamke mwenye mimba amewakosea wanawake wote. Wanashika fimbo, wanakaa, wanamwita. Mpaka aje mwenyewe na dume la ng'ombe, hakuna mwanamke atakayemsalimia wala kumpa maji.

Basi, akina mama waliotoka bandani wakaja na fimbo zao hadi uani kwa bibi yangu Gaudensia, mama yake Mjomba. Babu Baltazar, mumewe, akatoka mbio.

"Jamani, ile ni filamu! Yule dada ni mzima!"

"Kama ni mzima," akasema Mama Konsolata, "piga simu tumwone."

Babu akampigia Mjomba kwa video, na yule dada aliyeigiza mke akatokea kwenye simu.

"Simama, binti. Geuka. Haya, tumbo liko wapi?"

"Ulikuwa mto, mama."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Babu akadhani yamekwisha. Ndipo Bibi Gaudensia akaingia ndani, akatoka na fimbo yake mwenyewe, akaketi katikati yao.

"Mto tumeuona," akasema. "Lakini vijana kule bandani walishangilia. Walikuwa wanashangilia mto?"

Babu alipeleka dume, likarudishwa, kwa sababu anayetakiwa ni mkosaji mwenyewe. Mjomba hakuja. Miaka saba, kila Krismasi aliishia Mbulu mjini, na mama yake hakumfuata huko.

Jumanne wiki hii alikuja. Alimswaga dume mwenyewe kutoka mnadani, akiwa na viatu vya mjini, akaketi chini mbele ya akina mama. Mimi niliwapelekea maji, nikasikia Mama Konsolata akimuuliza, "Walipokuwa wanashangilia, wewe ulijisikiaje?"

Mjomba angeweza kusema maneno mazuri, maana ndiyo kazi aliyoifanya. Alisema, "Nilifurahi, mama. Nilidhani ni kwa sababu nimeigiza vizuri." Kisha akaongeza, "Sasa nafikiria waliporudi nyumbani kwa wake zao."

Mjomba, nimeona kwenye simu picha zako ukipokea tuzo, na ninajivunia. Lakini mimi niliyekuwa naogopa hata kuitikia jina langu darasani ninajua kwamba kusema vile mbele ya mama yako si jambo dogo.

Sasa jibu. Akina mama wanasema dume limepokelewa na shauri limefungwa. Utaimba.

Bibi Gaudensia ameongeza la kwake, na ameniagiza nisipunguze neno: "Mwambie sauti ya tatu imebaki na wanaume wanne, na wote wanaimba kama wanaita mbuzi. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa. Lakini siku hiyo asubuhi apite kwangu kwanza, anywe uji."

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, ndugu zangu nyote, nawashukuru kwa kunisikiliza kwa utulivu. Mjomba, karibu nyumbani.