Imeshuka kwa Asilimia Mia Mbili

Redio ya treni ilimnukuu waziri akisema bei ya dawa za presha imeshuka kwa asilimia mia mbili. Mzee mwenye kofia ya chama akajipiga paja kwa furaha. "Huyo ndiye kiongozi!"

Mama aliyeketi mbele yake, mfuko wa dawa mapajani, akamtazama. "Baba, kitu kikishuka kwa asilimia mia kinakuwa bure. Hiyo mia ya pili, mwenye duka ananilipa mimi?"

Kinyozi aliyekaa pembeni alijifanya anatazama nje, lakini masikio yote yalikuwa kwao.

"Usimtafutie maneno mheshimiwa, mama. Ni namna ya kusema imeshuka sana," mzee akasema.

"Sana kiasi gani? Natoka dukani sasa hivi, bei ni ileile. Nimenunua nusu dozi. Mume wangu anameza leo, kesho anapumzika."

Mzee akakohoa. "Labda duka lako halijapata habari."

Treni ikasimama. "Hapa kituoni pia kuna duka la dawa," mama akasema akiinuka. "Twende ukawape habari."

Mzee, aliyekuwa ameshasimama ili ateremke, akaketi tena.