Dakika Tatu za Sifa

Enyi mlioketi na ninyi mliosimama kwa kukosa nafasi, wenye vikombe na wenye koo kavu, tegeni masikio. Neno hili ni lenu, wala mtu asimtazame jirani yake. Jana Alhamisi, baada ya alasiri, kwenye benchi la kahawa la Mwinshehe, juu kidogo ya mwalo wa boti wa Kibirizi, waliketi waja watatu wa Mungu: Gideon, aitwaye Dikshenari kwa kupenda Kiingereza, Kasongo Injini, fundi wa mashine za boti, na Amosi, aitwaye Spika kwa kuwa hazimiki. Kina mama wabeba dagaa walikuwa wamewatuma kazi moja: wamwandikie risala mgeni rasmi wa Jumamosi, wamwombe gati. Maana pale mizigo hushushwa juu ya ubao mmoja uliolowa, na ubao ule huangusha watu. Risala ilipewa dakika tatu, si zaidi. Nami nilikuwapo, nikinywa.

— Tunaanza na sifa, alisema Gideon. Nimepata neno la Kiingereza, fulsome. Sifa za kujaa mpaka zimwagike. Sikilizeni: "Mheshimiwa, tunakupokea kwa shukrani fulsome."

— Tamu, alisema Kasongo, ila umembania. Andika: "Mheshimiwa ni fulsome kuliko Ziwa Tanganyika."

— Injini, ziwa hili lina kina cha kilomita nzima na ushee.

— Ndiyo maana nimesema kuliko.

— Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, alidakia Amosi. Kwa hiyo tumtembeze. Andika kwamba tangu ateuliwe, dagaa wanaingia wavuni bila taa.

— Spika, huyu hajawahi kukanyaga Kigoma.

— Ndio ukuu wake huo. Amewafikia dagaa kabla ya kutufikia sisi.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikaomba kikombe cha pili.

— Weka na mvua, alisema Kasongo. "Mvua fulsome ya mwaka huu ni kazi ya mikono yake."

— Mvua hiyo ndiyo iliyoondoka na bati zangu, alisema Mwinshehe.

— Bati zako hazimo kwenye risala. Mimina kahawa.

— Mimi nasema tumfananishe na Herode, alisema Amosi. Watu walimsikia akihutubia, wakasema huyu si mtu, ni mungu.

— Akafanyaje?

— Akafurahi.

Hakumalizia kwamba mtu yule aliliwa na chango siku ileile. Mwisho wa habari haukumfaa.

Gideon aliisoma risala yote, Kasongo akimpimia kwa simu.

— Dakika tatu kamili. Hata kikohozi hakipati nafasi.

Ndipo akaja Anifa, mbeba dagaa, mguu wa kulia umefungwa hogo la plasta, magongo kwapani. Aliteleza kwenye ubao ule wiki tatu zilizopita, beseni likiwa kichwani.

— Asalaam aleikum, kaka zangu.

— Waaleikum salaam, dada. Pole na mguu.

— Nimeshapoa. Nisomeeni, nikawaambie wenzangu.

Walimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

— Mnajua kuandika. Sasa, Yunisi ndiye anayenishikia zamu, na ana mimba ya miezi saba. Asubuhi hii kapita juu ya ubao mara kumi na nne. Gati mmeliomba mstari wa ngapi?

Gideon aliigeuza karatasi mbele na nyuma. Kasongo aliendelea kuitazama saa ya simu iliyokwisha kusimama. Amosi alipuliza kahawa iliyopoa zamani.

Ndugu zangu, siwalaani. Mtu aliyezoea kutosikilizwa huanza kuwapigia makofi hata wasiomsikia, na mazoea hayo yananiuma kama yanavyowauma ninyi. Lakini sifa za kujipendekeza, na hiyo ndiyo maana halisi ya fulsome, ni wavu. Na wavu huo haumnasi mkubwa apitaye kwa gari, huwanasa miguuni wapitao na mzigo kichwani. Tubuni, nami nitubu pamoja nanyi. Leo ni Ijumaa, na kalamu ingali mkononi mwako, Gideon. Na wewe usomaye, iko mkononi mwako pia. Futa kuanzia mstari wa kwanza. Andika: tunaomba gati. Kisha weka nukta.