Arvilla Tuttle wa Jikoni la Chini

Wapendwa waombolezaji, Mchungaji wetu, majirani na washirika wa Neema, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Royce Haverkamp, mkwe wa marehemu na mume wa hayati Curtis Tuttle, kwa kuwa Louanne, binti wa marehemu, amesema sauti yake haitafika mwisho wa ukurasa wa kwanza, na waliobaki katika familia hii ni wachache mno, hapakuwa na wa kuchagua.

Marehemu Arvilla Jean Tuttle alizaliwa tarehe 9 Februari 1946, katika shamba la baba yake mzee Harlan Croft, maili nne kaskazini mwa mji huu wa Tolliver, jimbo la Iowa, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho, siku ambayo theluji ilifunga barabara, daktari akashindwa kufika, na jirani aliyekuja kuazima chumvi akageuzwa mkunga. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 21 Aprili mwaka huohuo, katika Kanisa la Methodisti la Neema, lile la matofali mekundu pale kona ya barabara ya pili, na tangu siku hiyo hadi tarehe ambayo nitaitaja mbele, hakuwahi kuwa na kanisa lingine.

Alianza masomo hapa Tolliver mwezi Septemba 1952, akahitimu sekondari tarehe 27 Mei 1964, akiwa na nia ya kusomea ualimu, lakini mwezi uleule baba yake alianguka kutoka darini mwa ghala la mahindi akavunjika nyonga, na Arvilla akabaki shambani kukamua ng'ombe, akasema ualimu utasubiri, nao ulisubiri mpaka leo. Tarehe 18 Agosti 1975 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule ya msingi, katika ukumbi huuhuu wa chakula tulioketi sasa, akapika hapa miaka thelathini na mmoja, na wengi wenu mlio na mvi leo mlipangwa mstari pale ukutani mkiwa na trei mkononi, naye akawaambia, "Onja kwanza, ndipo ukunje uso."

Tarehe 15 Juni 1968 alifunga ndoa na Merle Tuttle, mkulima, mtu wa maneno machache na kofia moja, na wakajaliwa watoto wawili, Louanne aliyezaliwa tarehe 10 Novemba 1969, na Curtis aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1974, ambaye alibatizwa mbele ya reli ya madhabahu ya Neema, ule uzio tunapopigia magoti, akiwa amevaa gauni la ubatizo la mama yake. Curtis aliondoka Tolliver akiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu alijijua kuwa ni mwanamume atakayempenda mwanamume, na hakuona kiti chake katika mji huu, na mama yake alimwandikia barua kila Jumapili kwa miaka kumi na moja, bila kumhubiria hata mstari mmoja.

Tarehe 2 Mei 2004, usharika wa Neema, baada ya miaka miwili ya mikutano, maombi na kahawa nyingi, ulitangaza kwamba unampokea kila mtu, aliyeolewa na asiyeolewa, mwenye kupenda hivi na mwenye kupenda vile, na Arvilla alirudi nyumbani akaandika barua fupi kuliko zote, "Njoo, kiti kipo." Curtis alikuja siku ya Shukrani ya mwaka 2006 akiwa na Royce, ambaye wazazi wake walikuwa wamemfungia mlango miaka mingi nyuma na hawakuwahi kuufungua tena. Mzee Merle alimtazama mgeni huyo kwa muda mrefu, akauliza, "Unajua kufungua injini ya trekta?" na alipojibiwa hapana, akasema, "Basi kaa ule, huna kazi nyingine," naye Arvilla akacheka, akamwambia mgeni, "Usimjali huyu, ng'ombe wanamwelewa kuliko watu. Na mimi niite Mama, hayo mengine yatanizeesha." Royce hajawahi kumwita kwa jina lingine.

Mkate wa Meza ya Bwana pale Neema aliuoka yeye, na Wamethodisti hawamuulizi aliyenyoosha mikono ametoka wapi, lakini pahali pake hasa palikuwa jikoni, chini ya kanisa, ngazi kumi na nne kutoka ibadani. Sisi ni watu ambao hatuwezi kukutana bila kula. Tukizika tunakula, tukibatiza tunakula, tukigombania rangi ya zulia tunakula, na Arvilla aliamini kabisa kwamba watu waliotoka kutafuna pamoja hawawezi kuchukiana jioni hiyohiyo. Curtis na Royce walioana mahakamani tarehe 27 Agosti 2009, kwa kuwa sheria ya kanisa wakati ule ilimkataza mchungaji kuwafungisha ndoa, na Arvilla, akiwa amevaa kofia ya harusi, aliwaambia kwenye ngazi za mahakama, "Karatasi mmepata. Madhabahu bado. Mtasimama pale kwenye reli alipobatizwa huyu, na nitakuwepo, hata kama nitakuja na magongo." Mzee Merle alifariki tarehe 6 Mei 2011, na baada ya hapo ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha marehemu kitandani, alisema hivyo mwenyewe.

Mwaka 2022, dhehebu letu lilipokuwa linapasuka nchi nzima juu ya watu kama Curtis, kila usharika ulipewa nafasi ya kupiga kura ya kujitoa na kwenda na jengo lake, na kura hiyo ilihitaji theluthi mbili ya washirika waliomo ndani wakati wa kuhesabu. Sisi tuliotaka kubaki tulijua hesabu yetu, na tulijua kwamba wanaotaka kujitoa, wasiotaka watu kama Curtis, hawatafika theluthi mbili, kwa sababu tulihesabu watu wanaokuja kanisani. Hilo ndilo kosa letu. Tarehe 16 Oktoba 2022, saa saba mchana, maegesho yalijaa magari tusiyoyajua, wakashuka watu ambao majina yao yalikuwa yamelala kwenye daftari la washirika tangu ubatizo wa wajukuu wao, wengine walikuwa hawajakanyaga Neema miaka kumi na mitano, kila mmoja na haki yake ya kura mfukoni.

Arvilla alikuwa jikoni na viazi vya kuoka kwa jibini na nyama ya nguruwe, vya watu hamsini. Alipochungulia dirisha la chini akaona miguu inavyopita, alifungua gunia la pili la viazi. Juu, Msimamizi wa Wilaya wa dhehebu letu alipoanza kuomba, Curtis alimnong'oneza Royce, "Shuka umwite Mama, wanafunga milango," Royce akashuka, akarudi, akasema, "Anakuja." Milango ikafungwa. Arvilla alipopanda, aproni kiunoni na unga mkononi, Wendell Pogue, mhudumu wa mlango, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alimtikisia kichwa nyuma ya kioo, akasema, "Arvilla, nisamehe, wamesema hata nyanya yangu akifufuka nisimfungulie." Walikuwa watu tisini na watatu ndani. Waliosema tujitoe walikuwa sitini na wawili, waliosema tubaki thelathini na mmoja, theluthi mbili kamili, bila hata mtu mmoja wa ziada, na kura moja tu zaidi ya kubaki ingeliangusha azimio lote. Maji yakawa yamekwisha kumwagika.

Kisha wakashuka wakala. Familia inaomba hili liandikwe kama lilivyo, kwamba Arvilla Tuttle aliwapakulia wote, na baadhi ya wale sitini na wawili walirudi kuongezewa.

Tangu Jumapili iliyofuata tumesali katika ukumbi huu wa shule iliyofungwa, na marehemu alikuja kila juma, akaketi safu ya tatu, lakini jikoni pale nyuma, alipopika miaka thelathini na mmoja, hakuingia tena, wala hakuoka tena mkate. Curtis alimleta kwa gari, akamfungulia mlango, akamshika mkono penye barafu, ila maneno kati yao yalikwisha. Alikuwa akiuliza, "Barabara inateleza?" mwana akajibu, "Kidogo," na hayo ndiyo mazungumzo ya mama na mwana waliokuwa wakiandikiana kila Jumapili. Curtis aliamini kwamba mama yake aliitwa akachagua viazi. Hakumuuliza. Naye mama hakumuuliza mwana kwa nini hakuna aliyemjia, aliona ni haki yake kuadhibiwa, kwa kuwa saa ya ukutani kule jikoni ilikuwa mbele ya macho yake, na saa ya kura aliijua.

Tarehe 11 Januari 2024 Curtis alianguka akikwangua theluji mlangoni mwake, moyo ukasimama, hakuamka. Familia iliomba azikwe kutoka pale alipobatizwa, na wenye jengo walijibu kwa barua ya adabu kwamba jengo ni la washirika wao, tukamuaga hapa. Mwezi Mei mwaka huohuo kanisa letu lilifuta ile sheria ya ndoa, habari ikaletwa na gazeti, na Arvilla aliisoma yote, akalikunja gazeti mara nne, akalisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

Marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo mwezi Agosti 2024, na tarehe 19 Septemba madaktari wakathibitisha saratani ya kongosho, akatibiwa hospitalini hadi Desemba, kisha akaomba arudishwe nyumbani, ambako aliuguzwa na Louanne na Royce kwa zamu. Mauti yalimfika tarehe 3 Machi 2025, saa kumi alasiri, siku ambayo Curtis angetimiza miaka hamsini na mmoja. Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, na mkwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale waliokuja nyumbani barabara zikiwa zimefungwa, majirani waliokamua ng'ombe na kulisha paka, wapishi wenzake wa shule, Mchungaji wetu, na Wendell Pogue, aliyekuja kumtazama kila Alhamisi na kuketi karibu na mlango.

Karatasi waliyoniandikia inaishia hapo. Lakini historia ya marehemu haina budi kuwa kweli, na mahali pamoja si kweli, na aliyewapa uongo huo ni mimi.

Curtis aliponituma, nilishuka ngazi kumi na tatu. Nilimsikia Mama akiimba, kisha akamwambia mwanamke aliyekuwa akimsaidia, "Wamerudi! Umewaona? Wamerudi wote, kanisa limejaa, na mimi nimebaki na gunia moja tu!" Sikuwa na moyo wa kumwambia watu wale wamekuja kufanya nini. Nikasimama. Nikageuka, nikapanda, nikamwambia Curtis anakuja, nikidhani kura moja si kitu. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, yangu imekwenda miaka miwili na miezi mitano. Mwanzoni niliogopa Curtis ataniacha. Curtis alipokufa niliogopa Mama atanifukuza, na mimi sikuwa na mama mwingine.

Wiki mbili kabla hajafa nilikuwa namnywesha supu, akaniambia, "Royce, vile viazi ningeviacha viungue tu." Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Nikasema, "Kunywa, Mama, itapoa."

Mama Arvilla, hukuitwa. Mwanao alikutumia mtu, na mtu huyo hakukuita. Amani yako niliishika mimi muda wote huo nisikupe, na sasa ninaisema mbele ya jeneza. Pumzika nayo, ikiwa inakufikia.