Plasta Juu ya Taa Nyekundu

Wasikilizaji wapendwa, leo sikuja na maneno laini. Maneno laini yaliishia Alhamisi pale Ilomba, Mbeya, tulipomzika Mzee Yotamu Mwakalobo, fundi magari. Alisifiwa sana siku hiyo. Alisifiwa na watu ambao alipokuwa hai walivuka barabara wasimsalimie.

Ikasomwa barua kutoka Iringa. Imeandikwa na Mzee Bushiri bin Makame, mfanyabiashara wa mchele. Anatoa rambirambi, na anasema: "Nimemsamehe marehemu."

Mjane, Bibi Marta, aliichukua ile barua, akaikunja mara nne. Akaniita. "Kesho uje nyumbani na kinasa sauti chako," akasema. "Mwenye kusamehewa ni nani, watu wajue."

Basi nikaenda, naye akanisimulia.

Mwaka ni elfu moja mia tisa hamsini na sita. Yotamu ana miaka ishirini na sita, na ni dereva wa lori la Bushiri. Lori hilo linabeba mchele na ngozi kati ya Mbeya na Iringa. Kwenye dashibodi yake ipo taa nyekundu, ndogo kama punje ya hindi. Taa hiyo inawaka, inazima, inawaka. Bushiri amenunua betri mpya, taa bado inawaka. Akachukua plasta ya kidonda, akaibandika juu ya taa. Kimya.

Yotamu aliibandua ile plasta mara mbili. Bushiri akairudisha mara mbili.

"Hiyo ni taa ya betri, na betri nimenunua," Bushiri alimwambia. "Wewe nimekuajiri uendeshe, hukuajiriwa kunisomea taa."

Wasikilizaji, mnaoendesha mnajua. Kwenye magari yale mkanda mmoja huzungusha dainamo inayochaji betri, feni na pampu ya maji. Mkanda ukilegea, dainamo hulala na taa huwaka. Taa haisemi betri tu. Inasema mkanda unakwisha, na mkanda ukikatika injini itachemka. Yotamu alilijua hilo. Mwenye lori hakutaka kulijua.

Mwezi wa saba, wakiwa Chimala kupakia mchele, habari zikaja alfajiri na lori lililotoka Iringa. Mama yake Bushiri amefariki. Ndugu wamekubali kumngoja mwanawe mkubwa mpaka sala ya alasiri. Baada ya hapo watazika.

Walioondoka ni watatu. Bushiri na Yotamu walikaa mbele. Marta, aliyekuwa ameolewa na Yotamu miezi miwili tu, alikaa juu ya magunia. Lori lilikimbia vizuri hadi Igawa. Baada ya Igawa barabara inapanda kuelekea Makambako, na pale mlimani ndipo mkanda ulipokatika. Taa lazima iliwaka. Nani angeiona? Ilikuwa chini ya plasta.

Yotamu alinusa kabla hajaona. Akasimamisha lori. Mvuke ulitoka kwenye boneti mpaka Marta akaruka chini.

"Gari imechemsha, Bwana Bushiri. Mkanda umekatika. Nitakata ngozi moja ya ng'ombe tufunge, tutafika. Lakini kwanza ipoe. Saa nzima, tusiiguse."

"Saa nzima? Mama yangu yuko juu ya kitanda ananingoja, wewe waniambia saa nzima?"

"Saa nzima, bwana. Alasiri bado. Tutawahi."

Wangewahi. Hili nalirudia, maana ndilo lililofichwa miaka yote hii. Saa zilikuwa zinatosha.

Yotamu akaenda nyuma ya lori kukata ngozi. Marta alikuwa ametoka kuteka maji kijitoni, debe zima, maji ya mwezi wa saba yanayouma vidole. Bushiri akamnyang'anya debe. Akafungua kifuniko cha rejeta kwa pindo la kanzu yake, mvuke ukamchoma mkono, hakuacha. Akayamimina ndani, na yaliyobaki akaimwagia injini yenyewe.

"Ilipiga kelele moja," Bibi Marta ananiambia. "Kama chungu kinachopasuka motoni. Yotamu akaja mbio na kisu mkononi. Akaangalia. Akakaa chini."

Bloku, chuma chenyewe cha injini, ilikuwa imepasuka kwa maji baridi juu ya moto. Bushiri akamtazama dereva wake, akasema: "Umeniulia gari. Umeninyima mama yangu."

Gari la kwanza kupita lilipita jua likizama. Mama yake Bushiri alizikwa bila yeye.

Kuanzia hapo, Iringa hadi Mbeya, Yotamu akawa yule dereva aliyemnyima mtu mama yake. Hakuna mfanyabiashara aliyempa usukani tena. Miaka saba aliziba pancha za baiskeli huko Soweto ya Mbeya, kabla ya kupata banda lake Ilomba. Na yeye akamchukia Bushiri, wasikilizaji, msidanganyike. Jina lile likitajwa, alitema mate.

Nikamuuliza Bibi Marta, kwa nini basi hakusema? Shahidi alikuwepo, ni wewe.

"Nilitaka kwenda Iringa nikaseme sokoni. Akanizuia. Akasema, 'Huyu amekosa kumzika mama yake. Sasa nimwambie ni mkono wake mwenyewe? Ataishije? Mwache anichukie mimi.' Akaniapisha nisiseme akiwa hai." Bibi Marta akanyoosha mkono rafuni. "Sasa hayupo hai. Na mimi huruma yake sina."

Akanipa kopo la tumbaku. Ndani mna kipande cha plasta, kimekauka, kimekuwa cha kahawia. Yotamu alikibandua mara ya tatu, siku ile ile, pale mlimani.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Bibi Marta, watoto na wajukuu. Mungu amlaze Mzee Yotamu mahali pema. Nawe unayesikiliza, kaa leo ufikiri: ni nani unayemlaumu miaka yote, na siku ile debe lilikuwa mikononi mwa nani?

Mzee Bushiri, najua redio yako iko wazi saa hizi. Pole kwa mama yako. Rambirambi zako zimepokelewa Ilomba. Ule msamaha, Bibi Marta ameniagiza niurudishe.